Matanga ya Mtoto wa Kitabuni

Mwezi uliopita nilikuwa nyuma ya nyumba yangu hapa Kasungami, nachuma lenga-lenga, mchicha wetu wa huku, za chakula cha mchana, nikasikia mtu anapiga hodi kwenye lango la bati. Nilidhani ni wale vijana wa kuuza makala, yaani mkaa, nikajibu kwa ukali kwamba ninayo ya kutosha. Hodi ikaendelea, polepole, kama ya mtu asiye na hakika kwamba anastahili kufunguliwa. Nilipofungua nilimkuta mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mfuko mmoja mkononi, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. "Samahani, mama," alisema. "Natafuta Mama Béa. Mi niko mutoto ya Ngalula." Sikumwacha amalize. Nilimvuta ndani, nikamwekea kiti kivulini, nikaanza kumwuliza maswali matatu kwa mpigo kama ilivyo kasoro yangu. Alikitazama kile kiti, akakizunguka, akaketi chini, akanyoosha miguu. Hapo nikaelewa. Kwetu mwanamke aliyefiwa hakalii kiti. "Lini?" nilimwuliza. "Mbele ya mvua kuanza, mama. Kule Mwene-Ditu. Njo aliniambia: siku nitakufa, ufike Lubumbashi, umutafute Béa."

Anaitwa Mbombo. Tulivitoa viti vya sebuleni pamoja, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, tukatandika mkeka, na jirani zangu wawili walipoona viti nje wakaja bila kuitwa. Baada ya kulia kwanza, Mbombo alifungua mfuko wake akatoa kifurushi cha kitenge kilichoshonwa pande zote kwa uzi mweusi. "Alikishona yeye mwenyewe," alisema. "Alikataza mi nifungue." Nilikipima kwa mkono na kujua ni nini kabla ya kukata uzi, maana nusu yake nyingine ninayo, na imehama na mimi nyumba nne. Nilikiweka mapajani nikakiacha pale. Nilihitaji kwanza kurudi kwenye mwaka ule, mwaka wa kitabu, na nimeona afadhali niuandike kama nilivyouona, na mambo ya wazazi wangu na sababu ya mimi kutolelewa nao niyaache, kwa kuwa hayamfai mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nakaa kwa shangazi yangu Marceline, Tantine kama tulivyomwita, katika mtaa wa Kenya, karibu na soko. Askari walikuwa wamepora mji, na walipochoka kupora, raia wakaendelea walipoachia. Walimu waligoma, shule zikafungwa, na hakuna aliyetuambia zitafunguliwa lini. Kampuni ya shaba ililipa wafanyakazi leo, ikakaa, ikalipa tena nusu, ikanyamaza. Tantine alikuwa mjane wa mtu wa reli, mwanamke mfupi, mwenye kifua kipana na sauti ya kuamrisha, na dawa yake ya mambo yote hayo ilikuwa kufuli. Alilifunga lango la bati asubuhi na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Sokoni alimtuma jirani. Misa alisali nyumbani. Mimi nilikuwa na chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko la uani na mti mmoja wa mapera, na ndiyo ilikuwa dunia yangu yote. "Inje kuko nini ya weye kuona?" aliniuliza kila nilipolitazama lango. "Bantu benye beko inje banatamani kuingia."

Ngalula alikuwa upande wa pili wa ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali ya kuchoma, na nyuma ya choo mvua ilikuwa imebomoa sehemu, pakawa na tundu ambalo msichana mwembamba angeweza kupita kwa ubavu. Mimi nilikuwa mnene, sikupita. Yeye alipita. Tulikuwa tumesoma darasa moja tangu tukiwa wadogo, tumeshiriki dawati, chawa na komunyo ya kwanza. Baba yake alikuwa karani wa stesheni, mtu wa asili ya Kasai, mkoa wa jirani, aliyezaliwa hapa hapa, na baba wa baba yake ndiye aliyekuja kulaza mareli zamani za Wabelgiji. Mambo ya asili ya nani ni wapi hatukuyajali kabla ya mwaka ule. Ngalula alikuwa na mdomo mkali, macho makubwa, na tabia ya kuanza kucheka kabla ya kukuambia kinachomchekesha. Bado naisikia.

Kitabu alikipata sokoni. Baada ya uporaji, vitabu vya shule moja ya wageni viliishia kwa wauza karanga na mikate, wakivichana karatasi kwa karatasi kufungia. Ngalula alinunua karanga, akasoma ile karatasi, akarudi mbio kumwuliza yule mama zilizobaki ziko wapi. Akampa madaftari yake yote ya mwaka uliopita, karatasi kwa karatasi, akaja nacho kwenye tundu la ukuta amekikumbatia chini ya blauzi. Jalada lilikuwa limekwisha kwenda na karanga za watu, na kurasa chache za mwanzo pia, hivyo mpaka leo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Kilikuwa cha Kifaransa, cha vijana, na kilihusu msichana anayeitwa Odine.

Odine aliishi katika mji uliozungukwa na ukuta mrefu. Mabinti wa mji ule hawakukanyaga ardhi. Walikaa vyumba vya juu, dirisha limepakwa rangi nyeupe, chakula kinaingia kwa tundu la mlangoni. Waliambiwa hewa ya nje inachoma mapafu, na kwamba watu wote wa nje wamekwisha kufa. Mama yake alikuja kumsuka nywele na kumsimulia ubaya wa nje. Kaka yake, Luc, ambaye kwa kuwa ni mvulana aliruhusiwa kushuka chini, ndiye aliyeanza kumletea vitu vidogo: jani, punje ya mchanga, nyoya la ndege. Tulikisoma kila mchana, mimi na Ngalula kwa zamu, kwa sauti, uani. Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, vingine vya maana kuliko kile, lakini sijawahi tena kusoma nikasahau njaa. Watu wameniuliza iweje watoto ambao mji wao ulikuwa unaanguka wapende hadithi ya mji mbaya. Nadhani ni kwa sababu ubaya wa mji wa Odine ulikuwa na mpango. Kulikuwa na ukuta, kulikuwa na uongo mmoja, na mtu akiujua ule uongo anajua pa kuanzia. Kwetu hakuna aliyejua pa kuanzia.

Tantine hakujua Kifaransa cha kusoma. Siku za kwanza alipita na beseni lake akituona tunacheka na kushika vinywa, akadhani ni kitabu cha adabu mbovu. "Musome kwa Kiswahili nisikie," aliamuru. Basi ikawa hivyo: mmoja anasoma mstari, mwenzake anaugeuza, na Tantine ameketi kwenye kigoda anachambua maharage, anatupa mawe mbali kwa hasira kila anapokasirishwa na hadithi. Majina aliyafanya yake: Odine akawa Odina, Luc akawa Luka. Na sisi tulipomlaumu mama wa Odina, yeye alimtetea. "Ule mama eko na haki," alisema. "Inje kukiharibika, mutoto mwanamuke unamufunga mu nyumba. Weye Béa unazania nakufunga ju ya roho mubaya?" Ngalula, ambaye hakumwogopa, akamjibu: "Mais Tantine, anamudanganya! Hewa iko muzuri." Tantine akachambua kwanza maharage mawili matatu. "Anamudanganya ju anamupenda," alisema. "Siku batamuharibia Odina kule inje, utaona ule mama atafanya nini. Mama haiko ukuta." Tulicheka. Tulisema mama yule ataufungua mlango labda siku ya kiama.

Kwenye kurasa za katikati Luc alikufa. Alitoka kwa mfereji wa maji machafu kwenda kuona kama kweli nje kuna watu, na walinzi wa mji wake mwenyewe wakampiga mshale wakati anarudi. Ilikuwa zamu yangu kugeuza, na nilifika pale ambapo Odine anasikia kelele chini ya dirisha jeupe lisilomruhusu kuona nje, nikaacha kugeuza. Tantine aliinua mkono. Aliweka beseni la maharage chini, akaingia ndani, tukasikia anaburuta. Akatoka na kiti cha kwanza, akakiegemeza ukutani. Akatoka na cha pili. Akatoa na ile kanapé, kochi la marehemu mume wake, tukamsaidia bila kuelewa, kisha akatandika mkeka pale sebuleni, akavua kilemba chake akajifunga kiunoni, akaketi. "Tantine, ni nini?" nilimwuliza. "Mutoto alishakufa," alisema. "Munataka tuendelee kusoma sawa vile kuku njo ilikufa? Hatusome. Siku tatu." Ngalula alinitazama, nikajua anakaribia kucheka, na mimi pia. Tukakaa mkekani kwa kuwa hatukuwa na la kufanya.

Sasa, katika mtaa wa Kenya, viti vikitoka nje vikaegemezwa ukutani, hakuna anayeuliza. Mama Sidonie, jirani wa mbele, aliviona kupitia nyufa za lango akapiga yowe. Kabla hatujajua la kusema, lango lilikuwa linagongwa, Tantine akampa Ngalula ufunguo, na wanawake wakaingia wanalia, wameshika vichwa, mmoja na beseni la makala, mwingine na unga wa bukari, ugali wetu, mwingine na majani ya sombe, yaani kisamvu, ambayo siku zile mtu aliyatoa kinywani mwake mwenyewe. Walijitupa mkekani. "Ni nani, Marceline? Ni nani?" Mama Sidonie alilia. "Luka," Tantine alijibu. "Luka gani? Wa ku Kasomeno?" "Hapana. Luka wa mu kitabu." Kilio kilikatika. Ngalula aliinamisha uso magotini. Nilitamani ardhi inimeze, maana nilijua unga ule umetoka kwenye nyumba ambazo hazina mwingine, na sasa wangeondoka wanatutukana mpaka barabarani.

Mama Sidonie alimtazama Tantine muda mrefu. "Aliuliwa na banani?" aliuliza mwishowe. "Na balinzi ya kwabo," Tantine alisema. "Alikuwa anarudia kwabo." Mama Sidonie alikuwa amefiwa na mtoto wake wa mwisho kwa surua katika wiki ile ya uporaji, risasi zinalia, na walimzika watu wanne wakikimbia, hapakuwa na mkeka, hapakuwa na viti nje, hapakuwa na mtu wa kulia naye. Alifungua kinywa akaita jina la mtoto wake. Sijasikia tena sauti kama ile, wala sitaki kuisikia. Yule aliyeleta makala naye akaanza, alikuwa na kaka aliyepotea. Wakalia wote, kila mmoja wa kwake, chini ya jina la Luka ambaye hakuwahi kuzaliwa. Na mimi na Ngalula, tuliokuwa tunabana kicheko, tulilia mpaka kamasi. Unga ule ulipikwa, tukaula pamoja. Siku ya tatu Tantine alivirudisha viti, akawaambia wanawake: "Sasa mukae. Batoto batatusomea kuanzia mwanzo."

Ndivyo kitabu chetu kilivyopata wasikilizaji. Tulianza upya, na kila mchana uani kulikuwa na wanawake watano sita, wengine wanasuka nywele, wengine wananyonyesha, na hakuna aliyesema ni mambo ya bure. Jambo walilotaka kujua lilikuwa moja tu: Odina atatoka, na akitoka, mama yake atamfanyaje? Waligawanyika. Wengine walisema mama yule atamkana, kwa sababu ya cheo. Tantine alisema atatoka amfuate. Walibishana mpaka sufuria zikaungua. Ngalula ndiye aliyekaa na kitabu, na aliapa hatasoma mbele peke yake, na kwa kadiri ninavyomjua, wakati ule alikitimiza kiapo.

Lakini nje ya lango maneno yalikuwa yanabadilika, na yakaanza kuingia hata uani kwetu. Kwenye redio na mikutanoni ilisemwa kwamba shida zote za Katanga, mkoa wetu, zimeletwa na watu wa Kasai, warudi kwao. Tulisikia watu wa Kasai waliokaa mji wa Likasi wametolewa nyumbani na kulala kwenye stesheni. Vijana walipita barabarani wanaimba. Siku moja mmoja wa wale wanawake, ambaye sitamtaja, alisema katikati ya hadithi, bila chuki, kama mtu anayesema mvua itanyesha: "Ngalula, mutaenda lini nyie? Tumalize kitabu mbele." Ngalula aliendelea kusoma. Nilimwona anasoma mstari mmoja mara mbili. Jioni hiyo, nikiwa nyuma ya choo karibu na tundu, nilimsikia baba yake akiongea na mama yake. "Bananiambia nirudie kwetu," alisema. "Kwetu ni wapi? Mi sijafika kule hata siku moja. Baba yangu alilaza aya mareli, mi naandika matreni yenye inapita juu yake, na sasa bataniweka ndani sawa muzigo." Mama yake alisema: "Fungasha tu, papa ya Ngalula. Fungasha mbele ya bantu kuja kutufungashia." Sikuwahi kumsikia mtu mzima akilia kwa sauti ya chini namna ile. Nilirudi ndani nikamwambia Tantine. Aliushika ufunguo wake shingoni.

Waliondoka nyumbani asubuhi moja na mkokoteni, kwenda kungoja treni stesheni kama wenzao. Ngalula alipita kwenye tundu mara ya mwisho, amevaa magauni mawili moja juu ya jingine, kitabu mkononi. Ilikuwa imebaki sehemu ya mwisho, Odine amekwisha kupita mfereji, yuko nje, hewa ni nzuri kama alivyosema Luc, na amerudi mpaka kwenye lango la mji kumwita mama yake aje aone. "Nitakungoja pale stesheni," Ngalula alisema. "Treni haikuje leo. Uje, tutamaliza." Nilimwambia nitakuja. Nilijua siwezi. Lango lilikuwa na kufuli.

Watu walingoja stesheni si siku moja, wala wiki moja. Habari zilikuja kidogo kidogo: wanalala nje, kuna kuhara, watoto wanazikwa kando ya reli. Kila asubuhi nilimwomba Tantine anifungulie, na kila asubuhi alisema hapana, na mara moja nilimwambia yeye ndiye mama wa Odina, kwa chuki. Alinipiga kofi. Halafu asubuhi iliyofuata niliamka nikasikia harufu ya bitoyo, wale samaki wakavu wa chumvi ambao alikuwa amewaficha kwa ajili ya Pasaka. Alikuwa amekoroga bukari la sufuria kubwa, amelifunga kwa vitenge viwili ili lisipoe, amevaa viatu vyake vya misa. Alivua ufunguo. "Beba maji," aliniambia. Tulitoka. Alikuwa hajakanyaga barabara tangu uporaji, na alitembea katikati yake, sufuria kichwani, akiwatazama wale vijana wa kuimba usoni mmoja mmoja, mpaka wakatupisha.

Sitaeleza stesheni yote. Ilikuwa magodoro, masufuria, mashine za kushona, mbuzi, wazee wamekaa juu ya masanduku, na harufu. Tuliwakuta kando ya ukuta wa ghala. Mama yake Ngalula alikuwa anaumwa, baba yake amenyoa ndevu vizuri na kuvaa tai, kama mtu anayekwenda kazini. Ngalula alikuwa amekonda. Alipomwona Tantine amesimama pale na sufuria kichwani, hakuja kumsalimu. Alibaki ameketi, anamtazama tu, mdomo wazi. Tantine alishusha sufuria, akaketi chini na nguo yake ya misa, akafungua vitenge, mvuke ukatoka. "Kuleni," alisema. "Iko moto bado." Wakala, na wengine wa karibu wakala, na Tantine aliwamegea watoto wasio wa kwake wala wa kwao. Nilimwuliza Ngalula kuhusu kitabu. Alisema alivunja kiapo, alikimaliza jana yake, hakuwa na kingine cha kufanya. Tantine aligeuka. "Na ule mama?" aliuliza. "Alifanya nini?"

Ngalula alimeza tonge kwanza. "Alitoka, Tantine," alisema. "Odina alipiga lango, alipiga, na mama yake akamusikia. Akabanyanganya balinzi ufunguo. Akatoka mpaka inje, miguu chini, na chakula ya moto mu mukono. Bakakaa pa chini, bakakula." Tantine alipiga makofi, mara moja, kwa nguvu, hata mbuzi wakashtuka. "Nilisema! Nilisema mama haiko ukuta!" Na alicheka, pale, katikati ya taabu ile, na mama yake Ngalula naye akatabasamu. Kisha Ngalula alichukua kitabu, akakikunja mgongo, akakichana katikati. Alinipa nusu ya kwanza. Nusu ya mwisho akaitia ndani ya gauni lake la chini. "Weye baki na mwanzo," alisema. "Mwisho nitatembea nayo. Siku tutaonana, tutakishona." Nililia kwa kuona ni ahadi ya urafiki. Treni ilikuja baada ya siku chache, hatukuwepo. Tuliisikia tu kutoka mtaani kwetu Kenya, ikipiga honi muda mrefu.

Hatukuonana. Mwanzoni sikujua kama alifika, wengi hawakufika. Baadaye madereva wa malori walileta habari kwamba yuko hai kule Kasai, ameolewa, anafundisha. Tukapoteana tena, vita vikaja vikaondoka, simu zilipokuja nilikuwa na namba tatu za watu wanaoitwa Ngalula na hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye. Tantine aliishi miaka mingine mingi. Hakulifunga tena lango mchana baada ya siku ile, hata kulipokuwa kubaya. Alipougua mwisho, akili ikawa inakuja na kuondoka, aliniomba hadithi moja tu. "Nisomee pale Odina anapiga lango," aliniambia. Nilichukua nusu yangu, ambayo haina ukurasa ule, nikajifanya nasoma, nikamwambia mama alitoka na chakula cha moto. Kila mara aliuliza kama kilikuwa bado moto. Alizikwa na furaha hiyo, na mimi niliamini ninamsomea kilichoandikwa.

Sasa nilikata uzi mweusi. Karatasi zilikuwa za njano, kingo zimelika, zina harufu ya moshi wa nyumba nisiyoijua. Mbombo aliniambia mama yake aliwasimulia watoto wake hadithi ile miaka yote, matanga ya Luka pamoja nayo, na Tantine, na Mama Sidonie, lakini alipofika kwenye lango alinyamaza kila mara. "Alisema: mwisho iko Lubumbashi, kwa Béa." Nilivaa miwani, nikaenda moja kwa moja kwenye kurasa za mwisho, nikazisoma kimyakimya pale mkekani.

Odine anapiga lango. Mlinzi anafungua kijitundu, anamwita mama yake. Mama anakuja. Odine anaona jicho lake kwenye tundu, analitambua, anamwambia hewa ni nzuri, Luc alisema kweli, toka uone. Mlinzi anauliza kama huyu ni mtoto wake. Mama anasema: "Mtoto wangu alikufa siku alipotoka." Tundu linafungwa. Odine anapiga mpaka mikono inachubuka, halafu anageuka, anaondoka, na kitabu kinakwisha hapo, na chini yake mahali peupe patupu. Niligeuza karatasi nikidhani kuna nyingine. Hapakuwa na nyingine.

Ngalula aliisoma ile peke yake, akiwa na miaka kumi na saba, amekaa juu ya mzigo kwenye stesheni ya mji aliozaliwa. Kesho yake akamwona Tantine amesimama mbele yake na sufuria kichwani. Kile alichotuambia hakukitoa kitabuni. Alikitoa pale pale, alikuwa anakitazama na kukila. Na kitabu hakukichana kwa ahadi. Alikichana ili mimi nisiufikie ukurasa ule, na Tantine asije akatoa viti nje mara ya pili. Aliubeba yeye, ndani ya gauni la chini, kisha katika nyumba ya Mwene-Ditu, maisha yake yote, na mimi huku nilikuwa na nusu nyepesi. Hii inaniuma kuliko kufa kwake, Mungu anisamehe. Laiti ningalimwambia hata neno moja.

"Mama," Mbombo alisema. Alikuwa amesogea mpaka goti lake limegusa langu, na ana macho yale yale makubwa. "Mulisoma? Inaisha namna gani? Mama yake alimufungulia?"

Nilizikunja zile kurasa, nikazirudisha ndani ya kitenge.

"Alimufungulia," nilimwambia. "Alitoka mpaka inje, na sufuria ku kichwa. Bukari na bitoyo. Bakakaa pa chini, bakakula."

Mbombo alinitazama. "Bitoyo? Mu kitabu ya bazungu?"

"Bitoyo," nilisema.

Akacheka kidogo, kicheko kinachoanza kabla ya sababu yake, halafu kikamgeukia mikononi akalia kama mtoto. Sikumnyamazisha. Alikuwa ametoka mbali na hajala tangu asubuhi, na mimi nilinyanyuka nikaenda jikoni kuteka maji, nikapuliza makala, nikateleka sufuria kubwa.